Farasi Jike wa Mjane

6 Februari

Mwanangu,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo na mtoto wenu Chiriku. Sisi huku hatujambo kiasi. Baba yako bado anashona makoti ambayo hakuna aliyeyaagiza, na ukimwambia apumzike anakuuliza kama umekuja kumzika. Mguu wangu wa kushoto umekuwa na maoni yake: asubuhi unakubali kutembea, mchana unagoma. Mvua imenyesha vizuri, na farasi wananenepa kama wastaafu.

Sasa nisikilize. Yule jike wangu mzee hashiki mimba tena. Daktari wa mifugo alimpima, akavua glovu, akanitazama kama mtu aliyeleta habari za msiba. Nisipopata jike mwingine, banda hili nitalifunga kwa mkono wangu mwenyewe, na mimi kazi nyingine siijui. Nimeona tangazo katika gazeti la wafugaji: farasi jike, kahawia, miaka tisa, anaruka viunzi, anafaa kwa mashindano na kuzalisha. Anwani iko upande wenu, nje ya mji. Nataka aruke misimu miwili apate jina, kisha nimpeleke kwa dume.

Nenda ukamtazame. Wewe unashinda umeinamia kwato za farasi wa watu, macho yako nayaamini. Kagua magoti. Sikiliza pumzi akishachoka. Pitisha mkono mgongoni uone kama anakwepa. Kisha mpande. Na usinipambie: kama ni mbovu, sema ni mbovu.

Shangazi yako


19 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika na alama ya kikombe cha chai juu yake, kwa hiyo najua uliiandikia jikoni. Sisi hatujambo. Mke wangu amehamishiwa dirisha la mbele pale duka la dawa, anasema sasa anayajua magonjwa ya mji mzima. Chiriku ameng'oka meno mawili ya mbele, na kila akisema neno linatoka na filimbi. Maneno yenyewe hayajapungua. Mwambie baba koti limenikaa vizuri mabegani.

Nimekwenda. Nyumba iko peke yake mwisho wa barabara ya vumbi, ukuta mweupe, banda nyuma. Muuzaji ni mjane, mama mtu mzima, msafi, sauti ya chini kama ya mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. Mumewe ndiye aliyemlea huyo jike tangu alipozaliwa. Alifia kitandani, kwa maradhi. Niliuliza kama farasi alihusika, kwa sababu najua ungeniuliza.

Shangazi, sikupambii. Miguu mikavu na safi, kwato ngumu, kifua kipana, mgongo haukwepi mkono. Nilipomkaribia aligeuza kichwa, akaninusa goti, akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyefika nyumbani akavua viatu. Nikampanda. Hatamu sikuzitumia sana. Nikiwaza kushoto, tayari tumeshageuka. Tuliruka viunzi vitatu vya pale uani, na sikusikia alipotua.

Nina kichekesho kimoja. Nilipoingia jikoni kunawa, nilivua koti nikalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, bila kutazama. Msumari wenyewe hauonekani ukiingia. Yule mama aliuona mkono wangu ukienda, akageukia jiko, akaongeza maji kwenye birika lililokuwa limeshajaa. Nilimuuliza bei. Akasema, "Mpande tena kwanza."

Mwanao


3 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na mguu haukulalamika. Baba yako amefurahi kuhusu koti na tayari ameanza jingine, kwa hiyo kosa ni lako. Mnunuzi wa nyasi amepata mtoto wa kiume na sasa hafiki kwa wakati.

Hilo la msumari limenichekesha. Labda ulikuwa mwizi katika maisha mengine.

Hayo uliyoniambia kuhusu kutua kwake, ndiyo niliyokuwa nayatafuta tangu nikiwa na meno yangu yote. Lakini nina wasiwasi wangu. Jike wa miaka tisa, mzuri hivyo, mbona hajazaa hata mara moja? Na mbona hajashindana? Muulize huyo mama vizuri, kwa heshima. Kisha mpande tena, safari hii muda mrefu, kwenye jua, viunzi virefu, mpaka atoke jasho. Farasi asiyechoka hajakuonyesha kitu.

Mwambie Chiriku meno mapya yatakuja, asiharakishe.

Shangazi yako


20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Huku salama. Mke wangu hajambo, ila magoti yanamsumbua asubuhi, ngazi anapanda kwa kushika ukuta. Nisalimie mbwa wako mweupe, nitakuja na mfupa.

Jike nimempanda mara kadhaa sasa. Nimempandisha viunzi virefu mpaka povu likatoka shingoni. Pumzi inarudi upesi. Akiwa amechoka anaruka vizuri zaidi kuliko akiwa mpya, sijawahi kuona kitu kama hicho. Kuhusu kuzaa, hakupelekwa kwa dume kwa sababu hapakuwa na haja. Kuhusu mashindano, hali kadhalika. Alikuwa wa hapa hapa.

Bawaba ya lango la nyuma nimeitengeneza. Ilikuwa inanikera tangu mwaka ule mto ulipofurika, kila siku nasema kesho.

Hali ya hewa ni nzuri. Jioni inakuwa na utulivu hapa.

Ni mimi


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, mwanangu. Huku tuko. Baba yako alikuwa na mafua, yamekwisha, amebaki na kiburi.

Mbwa mweupe gani? Mimi na mbwa tulikosana kabla hujazaliwa. Na mkeo, umri ule, ana magoti ya nini? Na Chiriku hujamtaja. Tangu azaliwe hujaniandikia barua bila habari yake, hata ile ya msiba wa mama yako ulimtia. Hiyo bawaba uliyoiahirisha tangu mafuriko, mwanangu, mbona mahali penyewe umepajua Februari hii?

Nimejiambia umechoka. Kazi ya kwato inavunja mgongo, na mtu akichoka huandika ovyo. Pumzika basi.

Lakini kabla ya kupumzika, nifanyie hili moja. Mwenye dume ameshaniuliza kama jike wangu atakuwa tayari msimu huu, nami nimemjibu kwamba yupo njiani. Usinilaumu. Nimeota namna anavyotua. Mpande mara moja tu ya mwisho, umpe huyo mama neno langu kwamba tunamtaka, na umwambie ataje bei.

Shangazi yako


30 Aprili

Mwanangu,

Hujajibu, na leo mkeo amenipigia simu kwa mwenye duka. Alikuwa analia, nikamwambia avute pumzi aanze mwanzo.

Amesema juma la kwanza ulikuwa unarudi jioni, umetulia tu, umekuwa mwema zaidi hata. Kisha ukawa unalala huko. Amesema Jumapili ulibisha hodi. Mlango wako mwenyewe, ufunguo uko mfukoni, ukabisha hodi ukasubiri ukaribishwe. Ulikaa ukingoni mwa kiti. Ulisifu nyumba. Chiriku alipokurukia ulimshika mkono kwa adabu, ukamuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Mtoto akadhani ni mchezo, akacheka, na wewe ukacheka pia. Kisha ukaaga, ukasema mkeo anakusubiri.

Mwanangu, nakuandikia kwa anwani ya yule mjane kwa sababu sijui nikupate wapi pengine. Achana na huyo farasi. Simtaki. Usimpande tena, usimguse, hata kwato usimtazame. Nijibu kwa mkono wako mwenyewe, uniambie jina nililokuwa nikikuita ulipokuwa mdogo.

Shangazi yako, dada wa baba yako


11 Mei

Bibi mheshimiwa,

Salamu nyingi. Sisi hapa hatujambo, tunashukuru. Mke wangu ana magoti yake ya siku zote. Mbwa amezeeka, anashinda kivulini.

Nimepokea barua yako, nami nimeona si vizuri kuiacha bila jibu, maana inaonekana una mashaka makubwa. Imeandikwa kwa mtu ambaye simfahamu. Mke wangu ananiambia kuna kijana fundi wa kwato aliyekuja siku za nyuma kumtazama jike wetu. Alikuwa kijana mzuri, anasema, mwenye mikono ya upole. Hayupo hapa sasa. Kama ana mke na mtoto wanaomtafuta, ninawasikitikia kwa moyo wote. Sisi mtoto wetu tulimzika akiwa mchanga, najua nyumba inavyokuwa.

Kuhusu jike, tafadhali umtoe mawazoni. Hauzwi. Sijui tangazo hilo liliwekwa na nani.

Wako kwa heshima,
Mwenye nyumba


2 Juni

Mwanangu,

Mkeo ameniambia unalala vizuri, unakula, na kwamba umeshika kazi tena nusu siku. Ameniambia pia unakumbuka vipande vipande na unataka nikueleze yaliyobaki. Baba yako anakusalimu. Mguu wangu umevimba kwa safari ile, nimeuweka juu ya kiti na wenyewe unajiona mgeni wa heshima. Nitakueleza kama ilivyokuwa.

Ile barua yako ya Mei ndiyo iliyonitoa nyumbani. Maneno yenyewe yalitosha, lakini hasa ni mwandiko. Wewe tangu shule herufi zako zinalala kulia. Zile zilikuwa zimesimama wima, za mtu mzima aliyefundishwa kwa fimbo.

Nilifika mchana, jua kali. Kulikuwa na mbwa mweupe kivulini. Ulikuwa mezani umevaa sweta la mtu mnene kuliko wewe, unamenya chungwa. Ulinyanyuka ukanivutia kiti. Ukasema, "Karibu, mama. Umetoka mbali?" Nikasema nimetoka mbali sana. Ukaniwekea maji. Nilikutazama usoni, mwanangu, hapakuwa na kitu kilichoharibika. Ulikuwa umetulia kuliko nilivyowahi kukuona. Hilo ndilo lililonitisha.

Ulipotoka kumtazama farasi, yule mama alikaa mbele yangu.

Nikamwambia, "Dada, huyu ni wangu."

Hakubisha. Alisema, "Najua. Mwenye koti. Ametajataja shangazi yake siku za kwanza."

"Basi umemfanyia nini?"

"Mimi? Sijamfanya kitu. Nilitangaza farasi, watu wakaja. Wengine wanapanda mara moja, wanashuka, wanajua sukari iko wapi, wanaitikia ninapokohoa. Kisha wanakwenda zao. Mimi natosheka na saa ile moja. Huyu wako ndiye aliyerudi." Akashika ukingo wa meza. "Mimi sikumwita, dada. Alirudi mwenyewe. Nimemwona mume wangu akiingia kwa mlango ule na vumbi viatuni, ulitaka nifanye nini? Nimwambie atoke?"

Ningeweza kumtukana, nilikuwa nimejiandaa na matusi njia nzima. Lakini macho yake yalikuwa ya mtu aliyekosa usingizi kwa furaha.

Nikamwambia, "Nampeleka nyumbani."

Akasema, "Muulize kama atakwenda. Yeye atakwambia nyumbani ni hapa."

Na kweli, ningekuambia njoo twende, usingekuja. Kwa hiyo sikukuambia. Uliporudi ndani nilinyanyuka nikaaga kama mgeni, nikashika mkoba wangu, nikachechemea. Mtu mwema hawezi kumwacha mama mzee abebe mkoba peke yake, na wewe, yeyote uliyekuwa siku ile, ulikuwa mtu mwema. Ukasema, "Lete nikusindikize mpaka langoni."

Langoni nikasema mpaka pale kwenye mti mkavu. Pale nikasema mpaka kona. Nilikuwa napiga soga kama kichaa: bei ya nyasi, mafua ya baba yako, mtoto wa mnunuzi. Ulikuwa unaitikia, "Ndiyo, mama. Pole, mama." Kila baada ya hatua kadhaa unasema, "Hapa sasa nikuache, mke wangu atahangaika." Nami nasema, kidogo tu baba, mguu.

Ndipo jike akalia. Sijawahi kusikia farasi akilia hivyo, na nimeishi nao. Hakupiga kelele. Alilia kwa sauti ya chini, kama anaulizia. Ulisimama. Mkoba ukaanguka. Uligeuka nusu, na mimi nilikushika sweta kwa mikono miwili, mguu wangu ukanisaliti, nikaanguka chini vumbini pwaa, na wewe nikakuvuta tukaanguka wote.

Tulilala pale sijui muda gani. Kisha nikasikia, karibu na sikio langu, "Shangazi, mbona umevaa ndara?"

Nikatazama miguu yangu. Ni kweli. Nilisafiri njia yote ile na ndara za nyumbani.

"Umekuja lini?" ukaniuliza. "Na hili sweta la nani?"

Mwanangu, nilicheka mpaka nikakosa pumzi, na sikuwa nacheka.

Hayo ndiyo. Sasa nina jambo, nami ningependa kulificha lakini tumeshafichana vya kutosha. Siku ile nilipofika, kabla sijaingia ndani, nilipita bandani. Nilimwona. Nilipitisha mkono mgongoni mwake. Nimerudi nyumbani na kila nikifumba macho ninamwona akitua.

Na juma lililopita yule mama aliniandikia. Anasema yuko tayari kuniuzia sasa, na bei niipange mimi. Ana sharti moja tu: kwato za jike ziwe mikononi mwako, uwe unakuja kumtengeneza kila anapohitaji, na siku hizo yeye aruhusiwe kuja kuwaangalia.

Nimejiambia, simpandishi mtu. Hakuna mashindano, hakuna tandiko mgongoni. Namzalisha tu, mara mbili, mara tatu, nipate watoto wake, banda lisimame. Fundi wa kwato hapandi, anashika mguu tu. Nimejiambia hivyo kila siku, na kila siku nasikia sauti yangu inavyobadilika.

Kwa hiyo nakuachia wewe. Utakalosema ndilo hilo hilo, na sitalirudia tena.

Shangazi yako


21 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pole sana na mguu. Mke wangu anakutumia dawa ya kuchua, ameiandikia maelekezo mwenyewe kwa sababu anasema mwandiko wangu bado anauchunguza. Tunacheka tunapolisema, wote wawili, na tukimaliza kucheka kila mtu anatafuta kazi ya kufanya. Chiriku ameota jino moja. Kila asubuhi anasimama mbele yangu kabla sijavaa viatu na kuniuliza, "Mimi ni nani?" Nikimjibu ananiruhusu niende kazini. Siku moja nilikuwa na usingizi nikachelewa kujibu, akaenda kujificha nyuma ya pazia, na ilinichukua asubuhi nzima kumtoa. Mwambie baba asishone sweta. Makoti tu.

Umeniambia yako yote, nami nikuambie yangu, maana wewe ndiye pekee utakayesoma bila kulia.

Umeandika kama mtu aliyenitoa shimoni. Nakushukuru, na ningekushukuru hata kama ungenivunja mkono. Lakini hapakuwa shimo. Mara ya kwanza nilipompanda sikujua kitu. Mara ya pili nilishajua kuna jambo, nikarudi. Ukiwa juu yake kuna mtu anasogea kidogo ndani yako akupe nafasi, kama kwenye benchi, na unaona si vibaya kuketi.

Yangu yamerudi karibu yote. Nakumbuka harusi yangu, nakumbuka Chiriku alipozaliwa akiwa na nywele mpaka masikioni. Tatizo ni kwamba yale mengine hayajaondoka. Najua yule mama alivyokuwa akiimba akianika nguo, akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu, kabla ya magoti. Najua alivyonishika shati siku tuliyomzika mtoto, na kaburi liko wapi, na ni upande gani kivuli kinafika saa za alasiri. Nilipanda maua pale. Mimi, Shangazi, ambaye sijawahi kupanda hata mchicha.

Mke wangu akiniuliza nawaza nini, nasema kwato. Sijamkosea. Nampenda kama nilivyompenda siku zote, na hilo halijapungua hata chembe. Ila nimekuja nyumbani na ndoa ya mtu mwingine, ndefu kuliko yangu, na hakuna mahali pa kuiweka.

Nilipofika pale kwenye sharti, kwamba atakuja kuangalia nikimtengeneza farasi, nilisoma mara moja. Kisha nikainuka nikavaa koti. Nilikuwa nimefika mlangoni kabla sijajiuliza nakwenda wapi. Unasema fundi wa kwato anashika mguu tu. Ni kweli. Ningeshika mguu, yeye angekuwa amesimama pale mlangoni mwa banda, angekohoa, nami ningeitika. Isingehitaji tandiko.

Na huyo mama si mbaya, tafadhali usimwandikie vibaya. Mwandikie kwamba umeghairi, basi. Mwambie achue magoti kwa mafuta ya moto kabla ya kulala, asisubiri asubuhi. Hapana. Usimwambie hilo. Atajua limetoka wapi.

Najua unavyomtaka. Najua banda linamaanisha nini kwako. Kuna jike mwingine hapa kwenye klabu ya farasi ninakofanya kazi, mweusi, mkaidi, anatua kama gunia la viazi, lakini amezaa mara mbili na wenyewe wanataka kumwachia. Nitakupeleka ukamtazame mguu ukipona. Hutamwota. Atakupa watoto.

Lakini yule, umesema neno langu ndilo la mwisho, basi nakupa leo hii asubuhi, Chiriku akiwa amekaa juu ya miguu yangu, kabla sijabadilika. Usimnunue. Na ukisikia ameuzwa kwa mtu mwingine, usiniambie ameuzwa wapi.

Mtoto wa kaka yako